Wageni Huja Maji Yamepwa

Dereva alizima gari saa 8 na robo mchana. Barabara ilikuwa bado inaonekana mbele yetu, mawe yake yamelala baina ya mikoko, ila maji yalikuwa yameshaanza kupenya kutoka pande zote mbili, kimya, kama mtu aliyechelewa sala anavyoingia msikitini. "Sipiti," alisema, na hakuna aliyembishia. Ilikuwa Machi, mwezi 16 kwa hesabu ya kuandama. Kila mtu wa Uzi anajua maana yake: bamvua, tena la Machi, ambalo pamoja na la Septemba ndiyo makubwa ya mwaka mzima. Tukateremsha vikapu, magunia mawili ya unga, mtungi wa gesi na mtoto aliyelala, tukaketi chini ya mti upande wa Unguja Ukuu kungojea bahari itupe njia ya kwenda kwetu.

Manung'uniko yakaanza palepale, kama yanavyoanza kila bamvua. Nayaandika kama yalivyotoka vinywani kwa kuwa ni yangu pia, na kwa kuwa nimechoka kuyasikia yakisemwa chini ya mti na kubaki chini ya mti, maji yakitoka kila mtu anabeba mzigo wake anakwenda.

Asiyekijua Uzi nimweleze. Ni kisiwa kirefu, chembamba, kusini mwa Unguja, ndani ya Ghuba ya Menai, na kwa utawala kimo Wilaya ya Kati. Vijiji vyake ni Uzi na Ng'ambwa. Hakina kilima wala mto. Chote ni jiwe la matumbawe. Zaidi ya miaka 100,000 iliyopita bahari ilikuwa juu kuliko leo, na pale tunapotandika mikeka yetu palikuwa mwamba hai wenye samaki. Bahari ikashuka, mwamba ukafa ukawa jiwe, na juu ya jiwe hilo tumejenga nyumba na misikiti. Udongo unakaa ndani ya vishimo na nyufa, kiganja hapa, beseni pale, na mkulima wa uwandani anapanda muhogo wake kwa kutafuta kishimo baada ya kishimo. Baina yetu na Unguja kuna mikoko: mlilana kule mbele kwenye maji, mkoko wenye mizizi kama miguu ya buibui, mkandaa ndani zaidi, na mchu kwenye tope lenye chumvi kali. Njia yetu ya mawe imepita humo. Maji yakipwa ni barabara ya gari, ya baiskeli na ya gari la ng'ombe. Yakijaa ni bahari, na samaki hupita juu ya alama za matairi.

Wala bahari haituvizii. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa wastani wa dakika 50 kuliko jana. Mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, siku moja au mbili baadaye huja bamvua, na hapa kwetu tofauti ya kupwa na kujaa kwa bamvua kubwa hufika karibu mita 4. Baina ya bamvua mbili huja maji mafu, yanayopanda na kushuka kidogo tu, mita moja hivi. Tena bamvua la Unguja lina saa zake, halibabaishi: hujaa kabisa kwenye saa 10, alfajiri na jioni, na hupwa kabisa kwenye saa 4, asubuhi na usiku. Ndivyo lilivyokuwa Unguja Ukuu ilipokuwa bandari, karne ya 7 na ya 8, wakati vyombo vya udongo kutoka Uajemi na China vilipokuwa vikishushwa hapa, vyombo ambavyo vipande vyake wataalamu wamevichimbua si mbali na mti tulioketi chini yake. Nahodha wa zama zile aliingia na maji akatoka na maji. Alijua.

Kalenda yetu ya maji imetundikwa ukutani kila msikiti. Mwezi mosi ni bamvua, mwezi 15 ni bamvua, mwezi 9 na 10 ni maji mafu. Wazee wana msemo wao: Idi ndogo maji makubwa, Idi kubwa maji madogo. Idi ndogo huangukia mwezi mosi, kwa hiyo jioni yake, watoto wamevaa nguo mpya na wanataka kwenda kuwaamkia bibi zao ng'ambo, njia imezama. Idi kubwa huangukia mwezi 10, maji mafu, na watu wanakwenda na kurudi watakavyo. Mtoto wa miaka saba wa Uzi anaweza kukwambia hayo.

Ndiyo maana tunanung'unika. Jambo ambalo mtoto analijua, ofisi hailijui.

Ofisi hufunga saa 9 na nusu. Ukiambiwa, "Njoo mchana mkuu yupo," nawe ukaenda, ukasubiri, ukapata muhuri wako saa 9, basi kwa siku za bamvua umepata muhuri na umekosa nyumba. Utaketi hapa hadi magharibi. Mwanamume mmoja tuliyekuwa naye alikuwa na cheti cha kuzaliwa cha mwanawe mkononi, ndani ya mfuko wa nailoni, na hiyo ilikuwa safari yake ya tatu. Safari ya kwanza aliambiwa aje mchana. Ya pili aliambiwa amechelewa, kwani alitoka nyumbani baada ya maji ya alfajiri kutoka. "Nikawaambia, jamani, maji," alisema. "Yule kijana wa mezani akaniangalia kama nimemwambia nimeota."

Kati yetu alikuwamo mwalimu, kijana, si mzaliwa wa Uzi ila amekwisha kuwa wetu. Yeye alizungumzia watoto wanaovuka kusoma ng'ambo. Siku za bamvua mtoto mwenye akili huondoka darasani saa 7, kabla ya somo la mwisho, ili awahi njia. Asiyeondoka hukaa hapa na sare yake hadi giza, au hujitosa, daftari kichwani. Daftari la mahudhurio lina safu mbili tu, yupo na hayupo, na mwisho wa muhula mtoto wa Uzi anahesabiwa mtoro siku zilezile kila mwezi. "Ukiyaweka pamoja mahudhurio ya mwaka mzima," mwalimu alisema, "utauona mwezi ukiandama na ukipevuka. Nimewahi kumwonesha mkubwa mmoja. Alisema wazazi wa Uzi hawajali elimu." Alisimama kidogo. "Mimi nimewaona wazazi hao wamesimama majini hadi kifuani, wamewabeba watoto mabegani."

Mwalimu aliona aibu kwa kusema kwa sauti kubwa. Hakuna haja. Tulimshukuru.

Bi Mkubwa alikuwa amejinyamazia, anachambua mchicha juu ya khanga yake kama yuko ukumbini kwake. Anaheshimika, umri wake umewapita wengi, na mgongo wake umeinama kwa miaka ya pweza na mwani. Aliposema, sote tuligeuka.

"Ninyi mwasema ya jioni," alisema. "Semeni na ya asubuhi."

Ya asubuhi ni haya. Saa 4 asubuhi ya bamvua, maji yakiwa yamekauka hadi mbali, wanawake wote wenye nguvu wako pwani. Huo ndio wakati wao na hawana mwingine. Pweza hupatikana maji yakipwa sana, unapoweza kutembea hadi kwenye mawe ya mbali na fimbo yako ukachokoa shimo baada ya shimo. Kombe na chaza hupatikana wakati huohuo. Mwani vilevile: kamba zimefungwa kwenye vijiti mahali panapofikika kwa saa chache tu za bamvua, na ndani ya saa hizo lazima ufunge, ukaze, ung'oe, ubebe. Tangu kilimo cha mwani kilipoingia pwani ya mashariki ya Unguja mwaka 1989, karibu kazi yote imekuwa ya wanawake, na kazi hiyo inakwenda na maji. Siku tano za bamvua, kisha maji mafu, kisha siku tano tena. Ukizikosa, umekosa nusu mwezi.

Na saa 4 asubuhi ya bamvua ndiyo saa ya mikutano.

"Kwa nini?" aliuliza Bi Mkubwa, na akajibu mwenyewe. "Kwa sababu saa hiyo njia ni kavu. Gari zao zapita. Waja na viatu vyao vizuri, wafanya mkutano wao, saa 6 wameshaondoka. Sisi tupo baharini. Wakituita tutoke, tuache pweza? Basi mkutanoni wakaa wazee wanaume watatu na vijana wasio na kazi. Halafu yaandikwa kuwa wanawake wa Uzi hawakuhudhuria. Mkutano wa mwani, mwanangu! Mkutano wa mwani umefanywa saa ya mwani."

Hakucheka, wala sisi hatukucheka. Nilikumbuka mkutano huo. Nilikuwamo. Kulikuwa na karatasi ya kutia saini yenye safu ya jinsia, na safu ya wanawake ilikuwa na majina mawili, mmoja akiwa mpishi wa chai.

Nimelifikiria neno la Bi Mkubwa mara nyingi tangu siku ile, na naona ndiyo shina la malalamiko yetu yote. Kila mgeni mwenye kalamu anayekuja Uzi, awe wa barabara, wa afya, wa maji, wa mazingira au wa kura, huja maji yamepwa. Hawezi kuja vinginevyo, kwa sababu yakijaa hafiki. Anakiona kisiwa kilichoungana na Unguja kwa njia ya mawe, mbovu kidogo lakini ipo. Anapiga picha, gari yake imesimama katikati ya mikoko, na picha inapendeza. Anaandika: panafikika. Saa aliyopiga picha hiyo haiandikwi. Kile kisiwa kingine, kilichozungukwa na maji pande zote, ambacho ndicho chetu kwa saa nyingi za siku za bamvua, hakimo katika ripoti yoyote.

Yupo mtu mmoja asiyekosea saa, naye ni mchuuzi wa pweza. Huyu anaijua hesabu ya maji kama aya. Bamvua likipwa saa 4, kufika saa 6 wanawake wanatoka na pweza wao. Hawana barafu, jua kali, na njia itafungwa saa 8. Mchuuzi huketi kivulini. Hana haraka. Anaanza na bei ndogo, anangoja, na kila robo saa inayopita ni yake. Saa 7 na nusu mwanamke anauza kwa bei yoyote, kwa sababu baada ya hapo pweza atakuwa mzigo. Kina mama walijaribu kukubaliana wasiuze chini ya kiwango. Siku ya kwanza walifaulu, siku ya pili mmoja alikuwa na mgonjwa nyumbani. Simlaumu. Hata mchuuzi mwenyewe tunamlaumu nusu tu, naye ana watoto. Lakini inauma kuona kwamba aliyejifunza maji yetu vizuri kuliko wote amejifunza ili atupunje.

Alasiri ikaingia tukiwa pale. Wanaume walitawadha kwa maji yaleyale yaliyotuzuia, ambayo sasa yalikuwa yamefika karibu na matairi ya gari, ikabidi dereva alirudishe nyuma kidogo. Tuliposali, yule mzee aliyetusalisha aliinua mikono akaomba dua ndefu kidogo, na mwisho akawataja waliotangulia. Baada ya dua ndipo lilipozungumzwa la janaza.

Mtu wa Uzi akifia hospitali ya mjini, jamaa hutaka kumrejesha kwao siku hiyohiyo, kama dini inavyotaka, maiti asicheleweshwe. Mwaka mmoja, na wengi wetu tulikuwapo, gari ya maiti ilifika hapa saa 9 jioni, bamvua la mwezi mpevu. Kaburi lilikuwa limeshachimbwa upande wa pili. Watu wa kisiwani walikuwa wamesimama ukingo ule, sisi ukingo huu, na katikati maji yamejaa. Wazo la ngalawa lilikuwapo, lakini maiti ni mtu mzito na upepo ulikuwa wa kusi, ngalawa inayumba, nani atakubali? Tukakaa. Tuliliweka jeneza kivulini, tukalifunika kwa shuka ya pili, mwanawe mdogo akapepea nzi kwa kawa hadi mkono ukachoka, akapokewa na mwingine. Saa 1 usiku tukavuka, maji magotini, jeneza mabegani, taa za simu zikimulika mawe. Tumezika saa 2. Hakuna aliyesema neno baya siku ile. Lakini sijamsahau yule mtoto na kawa yake, na nadhani yeye pia hajatusahau sisi watu wazima tuliokuwa hatuna la kufanya.

Mwanamke mmoja akaanza kusema, "Na wazazi je, wenye uchungu..." Bi Mkubwa akamkata kwa upole: "Hayo usiyaseme hapa, shoga, yupo mwenye mimba." Kweli, alikuwapo, mwali wa mwaka jana, ameegemea gunia. Tukayaacha. Ninayaacha na hapa.

Kisima je? Hilo mzungumzaji alikuwa fundi wa mabomba. Chini ya kisiwa kama chetu maji matamu hayakai juu ya mwamba wa kuyazuia. Yameelea juu ya maji ya chumvi, kama mafuta juu ya mchuzi, kwa sababu ni mepesi zaidi. Kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari inashikiliwa na kiasi cha mita 40 zilizo chini yake. Ukivuta sana juu, chumvi inapanda kutoka chini. Jiwe letu ni tundutundu, kwa hiyo bahari ikijaa, visima vya karibu na pwani navyo vinapanda, na ladha inabadilika. "Walikuja kupima," alisema fundi. "Vizuri sana, vyombo vizuri. Saa 4 asubuhi. Maji yakaonekana mazuri. Nikawaomba, bakini hadi saa 10 mpime tena. Wakacheka, wakasema gari italala."

Wapo wageni wengine pia, wa kima punju. Kima hawa wekundu asili yao ni Unguja peke yake duniani, na baadhi yao wanaishi kwenye mikoko ya kwetu, wanakula majani machanga na kuruka matawi juu ya maji kana kwamba hakuna tofauti ya kupwa na kujaa. Tunawapenda. Hakuna mtoto wa Uzi asiyeijua sauti yao. Na hatuna ugomvi na hifadhi: Ghuba ya Menai ilitengwa mwaka 1997, kilomita za mraba 470, na mwenye macho anaelewa kwamba bila mikoko hata jiwe letu lingekuwa limeliwa. Linalotuumiza ni kuwa kima wamehesabiwa mmoja mmoja, mti wanaolala umeandikwa, saa wanayokula imeandikwa, na saa anayovuka mtoto wa skuli haijawahi kuandikwa na mtu.

Mzee aliyetusalisha hakupenda mazungumzo yaishie kwenye kima. Alinyoosha bakora yake kuelekea kwenye mawe, ambayo sasa hayakuonekana. Alisema alipokuwa kijana njia ilikuwa chini zaidi, wameiinua kwa mikono yao, jiwe juu ya jiwe, mara nyingi kuliko anavyokumbuka, na bado inazama. Upande wa Ng'ambwa anajua minazi iliyokuwa ndani ya shamba ambayo leo mizizi yake inaoshwa na bamvua. Mwalimu akamwambia hesabu ya wataalamu: tangu mwaka 1901 hadi 2018 bahari duniani imepanda kwa wastani wa sentimita 20. Mzee akapima kwa kiganja, akaona ni kidogo. Mwalimu akachora mchangani. Kwenye ufuko ulioinama mita moja tu kwa kila mita 100, sentimita 20 za kupanda ni mita 20 za kuingia ndani. Mzee akautazama mchoro kwa muda. "Hiyo ni minazi mitatu," alisema.

Moshi uliopandisha bahari hiyo haukutoka kwetu. Tuna magari machache na chumvi inayala yote. Hili nalisema mara moja tu, kwani wakubwa wa dunia wameambiwa na wenye sauti kubwa kuliko sisi.

Na daraja? Habari za daraja tumekuwa nazo tangu watoto wa leo hawajazaliwa, kila msimu wa kura zinapakwa rangi upya. Siku tutakayolivuka kwa miguu mikavu saa 10 jioni ya bamvua tutasema alhamdulillahi, na hatutasema mapema. Lakini yule mtu mwenye cheti cha kuzaliwa alisema jambo la maana: daraja ni la fedha nyingi na miaka mingi, na hakuna anayemlazimisha mtu kusubiri daraja ndipo aangalie mwezi. Majedwali ya kujaa na kupwa huchapishwa kila mwaka kwa ajili ya bandari, saa na dakika, mita na sentimita, ili meli isigonge chini. Karatasi ileile ikibandikwa skuli, kengele ya siku za bamvua inaweza kupigwa saa 6 na nusu na masomo yakafidiwa maji mafu. Kliniki ya mama na mtoto inaweza kuwekwa mwezi 9 na mwezi 23. Mkutano wa mwani unaweza kufanywa siku wanawake wako nyumbani, hata ikibidi mgeni rasmi alale kwetu usiku mmoja. Tutampikia. Tuna pweza, na kitanda tutamtandikia, na asubuhi akiamka mapema atatoka nje ayaone maji ya alfajiri yalivyosimama.

"Alale," alisema Bi Mkubwa. "Hilo tu. Mmoja wao alale."

Saa 11 maji yalikuwa yamesimama, hayapandi wala hayashuki, na majani makavu juu yake yalikaa mahali pamoja. Kisha jani moja likaanza kuelekea kusini. Mtoto aliyekuwa amelala aliamka akaomba maji ya kunywa. Wachukuzi wawili walioona mbali walianza kufunga mizigo mapema, lakini dereva aliwatuliza. Saa 12 kasorobo alivua viatu, akakunja suruali, akatembea mbele kupima kwa miguu yake mwenyewe, polepole, akigusa mawe kwa vidole. Yalimfika gotini. Akarudi. Tukangoja tena. Mbu wa mikokoni walianza kutoka, na khanga zikavutwa hadi kichwani.

Karibu na saa 1 usiku, magharibi imeshaadhiniwa upande wa Unguja Ukuu na sisi tumeshasali, gari liliwashwa. Tuliopanda tulipanda, wengine wakatangulia kwa miguu kupunguza uzito. Maji yalikuwa bado yanapita juu ya njia, ya kifundo cha mguu, yanakwenda kwa kasi kurudi baharini, na katika mwanga wa taa za gari vidagaa viliruka pembeni. Yule mwali mwenye mimba alikaa mbele kwa dereva. Bi Mkubwa alikataa kupanda. Alisema gari inamtikisa mgongo kuliko mawe. Alitembea kando ya mwalimu, mchicha wake uliochambuliwa umefungwa ndani ya khanga.

"Kesho mwezi wa ngapi, mwalimu?" alimuuliza.

"Kumi na saba, Bi."

Alihesabu kimya hatua chache.

"Basi itafunga karibu na saa 9," alisema. "Waambie watoto wabebe nguo ya kubadili."